Kifaransa, Lugha ya Jirani

Mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania au Kenya akishauriwa asome Kifaransa, aghalabu husifiwa Paris: hutajiwa mnara wa Eiffel, manukato, mapishi na adabu za watu walao kwa uma na kisu, naye, kwa kuwa hana nauli ya kwenda huko wala hajui kama ataipata, na kwa kuwa baba yake amhimiza ashike hisabati na Kiingereza asije akaanguka mtihani, huyasikiliza maneno hayo kwa heshima, kisha huchagua somo jingine. Simlaumu. Taksiri ni yetu sisi tunaoshauri, maana tumemwonyesha Kifaransa kilicho mbali tukamficha kilicho karibu, na kilicho karibu kiko karibu kweli: ukisimama Kigoma siku ya anga safi, milima uionayo ng'ambo ya ziwa ni ya Kongo, na hakimu, karani wa forodha, daktari na mwalimu wa sekondari walio nyuma ya milima ile huandika kazi yao kwa Kifaransa.

Tuitazame ramani. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Baharini kusini-mashariki viko visiwa vya Komoro, vilivyojitoa katika himaya ya Ufaransa mwaka 1975, ambavyo watu wake wamekuwa ndugu na wakwe wa Waunguja tangu zama za majahazi. Katika nchi hizo nne Kifaransa ni lugha ya serikali, ama peke yake ama pamoja na nyingine, na katika zote nne husemwa Kiswahili au ndugu yake wa damu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kongo imekitaja katika katiba yake miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Na Kingazija cha Komoro, kwa mtu wa mwambao atakayekitegea sikio kwa juma moja au mawili, si lugha ya kigeni hata kidogo. Shirika la nchi zisemazo Kifaransa lilikadiria mwaka 2022 kwamba wasemaji wake ni milioni 321 duniani, na walio wengi katika hao ni Waafrika. Kwa hiyo yule anayedhani kuwa mwenye lugha hii ni Mfaransa, na wengine ni waazimaji tu, hesabu yamkanusha.

Basi hoja yangu ni hii: mwanafunzi asemaye Kiswahili ana sababu ya kujifunza Kifaransa ambayo mwanafunzi wa London au Berlin hana. Kutoka Uvira hadi Lubumbashi, na kutoka Goma hadi Kisangani, mtoto wetu aweza kuamkia, kununua, kuuliza njia, kuposa na kuzika kwa lugha aliyolelewa nayo, ijapokuwa lahaja ya huko itamchekesha kidogo, naye kwa lahaja yake atawachekesha wao zaidi. Lakini neno likitoka kinywani likaingia katika karatasi, mara hugeuka: stakabadhi ya mzigo, hati ya nyumba, cheti cha ndoa, hukumu ya mahakama, agizo la dawa, vyote hivyo ni Kifaransa. Mzungu ajifunzaye Kifaransa kisha akaenda Bukavu atazijua karatasi asiwajue watu. Sisi tuendao bila Kifaransa twawajua watu tusizijue karatasi. Na mwenye kuzikusanya lugha hizo mbili katika kichwa kimoja hapati mshindani kwa urahisi.

Biashara yatosha kuwa shahidi. Kariakoo haipungukiwi wafanyabiashara wa Kikongo waliokuja kununua nguo, vyombo na vipuri, na bei hupatanwa kwa Kiswahili bila taabu. Malori yapakiayo bandarini Dar es Salaam hupita Tunduma, hukata nchi ya Zambia, hufika Kasumbalesa, ambako ndiko mlangoni mwa Kongo ya shaba na kobalti. Shughuli hii si ya jana. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji viwanja Dar es Salaam na Kigoma, pasipo ukomo wa muda, kwa ijara ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipate njia ya kufikia bahari. Na ni mapatano hayo ambayo Mwalimu Nyerere, siku chache kabla ya uhuru wa mwaka 1961, aliyakataa kwa hoja kwamba ijara isiyo na mwisho haipatani na nchi inayojitawala. Mapatano yale yamepita, lakini bandari ni ile ile, na mteja ni yule yule.

Tangu mwaka 2012 mteja huyo amekuwa na sheria mpya za biashara. Kongo iliingia mwaka huo katika umoja wa nchi za Afrika uitwao OHADA, ulioasisiwa kwa mkataba wa mwaka 1993, ambao wanachama wake, na Komoro ikiwamo, hufuata sheria zilizo sawa katika mambo ya makampuni, dhamana, ufilisi na kudai deni. Sheria hizo zilitungwa kwa Kifaransa, kwa misingi ya kanuni za Kifaransa, ambazo hazifanani na zile za Kiingereza tulizorithi sisi. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekopesha shehena Lubumbashi, akaahidiwa kwa Kiswahili fasaha kuwa atalipwa mwisho wa mwezi, na mwezi ukaisha, na wa pili ukaisha, sharti atafute mtu wa kumsomea maandishi aliyotia saini. Na mtu huyo, kwa sasa, aghalabu hutoka upande wa pili wa daawa au hulipwa ujira mkubwa. Kijana asomaye sheria katika chuo chochote cha mwambao, akiwa na Kifaransa cha kumtosha kuzisoma sheria hizo na kuzifasiri kwa Kiswahili mbele ya mteja wake, hatahitaji kubisha hodi katika ofisi za watu akiomba kazi.

Kuhusu kazi nyingine sitasema mengi, kwa kuwa ndizo zisemwazo kila siku. Watalii wa Kifaransa huja Unguja na Kilimanjaro, na mwongozaji anayewasimulia kwa lugha yao hukumbukwa. Katika ofisi kuu za Umoja wa Mataifa lugha za kazi ni mbili, Kiingereza na Kifaransa. Arusha yenyewe imekuwa mji wa lugha hizo mbili pasipo wengi wetu kutambua: mahakama ya jinai iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa mauaji ya Rwanda ilikaa pale mpaka ilipofungwa mwaka 2015, na mashauri yake yakasikizwa kwa Kiingereza na Kifaransa, mazungumzo ya amani ya Burundi, aliyoyasimamia Mwalimu Nyerere mpaka mauti yalipomfika mwaka 1999 na kukamilishwa na Nelson Mandela kwa mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000, yalifanyika pale, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake pale hata leo. Mji ukawa mwenyeji wa maneno mazito ambayo wenyeji wengi hawakuweza kuyafuata pasipo mkalimani.

Lakini kama faida ingekuwa ya mshahara tu nisingeshika kalamu. Iko faida nyingine ambayo sijasikia ikitajwa mbele ya wanafunzi, nayo yahusu hazina yetu wenyewe iliyowekwa katika sanduku la Kifaransa, na ambayo tumeizoea kuikosa hata hatuihisi kuwa imekosekana.

Anayetaka kujua mambo ya Kilwa ya karne ya 18 atakutana na mfanyabiashara mmoja aitwaye Morice, ambaye mwaka 1776 alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa elfu moja kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi kulima mashamba. Mapatano hayo machungu, pamoja na maelezo marefu ambayo Morice aliyaandika juu ya mji, biashara na watu wa pwani, yako katika Kifaransa. Anayetaka kuziona Unguja, Mombasa na Mogadishu za katikati ya karne ya 19, zama za Sayyid Said, hana budi kumsoma nahodha Guillain, aliyeitembelea pwani yetu kati ya 1846 na 1848 na kuchapisha Paris vitabu vyake vikubwa juu ya historia, jiografia na biashara ya Afrika ya Mashariki. Guillain alikuja kwa maslaha ya serikali yake, na msomaji makini hatamwamini kwa kila neno. Lakini aliuliza, akapima, akaandika majina ya mitaa na ya masheha, na mengi katika hayo mtu hawezi kuyapata kwingine.

Na juu ya hao wote namweka padri Charles Sacleux. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Unguja katika miaka ya 1860 na kufungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Sacleux aliwafuata baadaye, akakaa mwambao miaka mingi, akiwasikiliza wavuvi, mafundi, waganga na wakulima, akikusanya mimea kwa mkono mmoja na maneno kwa mkono wa pili. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ilipotoka Paris mwaka 1939 ilikuwa na kurasa zaidi ya elfu moja, na kila neno limeelezwa ni la lahaja gani: hili la Kiunguja, hili la Kimvita, hili la Kiamu, hili la Kimtang'ata, hili limetoka katika mashairi ya kale na halisemwi tena. Samaki wamo kwa aina zao, miti imo kwa majina yake ya kienyeji na ya wataalamu, na vyombo vya baharini vimo pamoja na mbao na kamba zake. Wataalamu wa lugha yetu huitegemea kamusi hiyo hata sasa, na wengi huipapasa kama mtu atafutaye kitu gizani, wakichukua neno la Kiswahili lililo mbele na kulikisia fasiri yake iliyo nyuma. Mtoto wa Makunduchi au wa Siyu, aliyezaliwa ndani ya lahaja hizo, akikijua Kifaransa aweza kuifungua, na zaidi ya kuifungua, aweza kuisahihisha. Kwa maana Sacleux, pamoja na uhodari wake wote, alikuwa mgeni, na mgeni husikia mengine yasiyokuwapo. Kazi ya kuihamisha kamusi ile yote iingie katika Kiswahili kwa Kiswahili yawangoja watu wenye lugha zote mbili, na mimi sioni watatoka wapi isipokuwa katika madarasa yetu ya sekondari.

Katika vitabu vya hadithi na fikra hali ni hiyo hiyo, ila huko tumekwisha onyeshwa mfano. Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma mpaka Paris, alishirikiana na Clement Maganga kukileta katika Kiswahili kitabu cha Frantz Fanon cha mwaka 1961, kikaitwa Viumbe Waliolaaniwa. Na riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, ambayo ni barua ya mjane kwa shoga yake, nayo imo katika Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Haya ni matone. V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi, katika Katanga ambako Kiswahili husemwa sokoni na kazini, akawa miongoni mwa wanafalsafa wakubwa wa bara hili, na riwaya zake aliziandika kwa Kifaransa; ni wanafunzi wangapi wa fasihi wa Nairobi au Dodoma waliopata kulisikia hata jina lake, ilhali wote wamewasoma waandishi wa Nigeria, walio mbali nao zaidi? Tumewachagua jirani zetu kwa lugha ya aliyetutawala, tukawaacha wengine kwa lugha ya aliyewatawala wao.

Hapo ndipo watu wenye ghera huinuka na kusema: tumeteswa vya kutosha na lugha moja ya mkoloni, ya nini kuongeza ya pili? Nawaheshimu, kwa kuwa hasira yao ina asili. Hata mapatano ya Kilwa niliyoyataja ni sababu tosha ya mtu kukichukia Kifaransa. Lakini mwandishi wa Aljeria, Kateb Yacine, ambaye nchi yake ilimwaga damu nyingi kuliko nchi yoyote ya pwani hii ili iwatoe Wafaransa, alikiita Kifaransa ghanima ya vita. Na ghanima hairudishwi kwa mwenyewe kwa kuwa aliyekuwa nayo alikuwa adui. Tena tuwatazame Wanyarwanda, ambao ugomvi wao na Paris ulikuwa mkali kupita wetu wowote. Mwaka 2008 waliamua shule zao zifundishe kwa Kiingereza, mwaka uliofuata wakaingia Jumuiya ya Madola, na watu wakadhani Kifaransa kimefutwa; kumbe mwaka 2018 waziri wao wa mambo ya nje, Louise Mushikiwabo, alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa shirika lile lile la nchi zisemazo Kifaransa. Walipoongeza hawakutupa. Mtu aweza kuuita ujanja, nami nauita akili.

Wengine husema kwamba watoto wetu hata Kiingereza kimewashinda, sembuse Kifaransa. Hoja hii yanichosha, maana yadhania kwamba kichwa cha mtoto ni kibaba kijaacho lugha moja kikamwagika kwa ya pili. Mtoto wa Bukavu husema Kishi na nyanya yake, Kiswahili mtaani, Kifaransa darasani, na Kilingala hujifunza katika nyimbo, wala hakuna anayemstaajabia. Kinachowashinda watoto wetu ni mafunzo, na katika Kifaransa mafunzo hayo yana kasoro mbili ambazo zaweza kuondolewa bila gharama kubwa.

Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi hufunzwa Kifaransa kwa njia ya Kiingereza. Huelezwa lugha ya tatu kwa lugha ya pili asiyoimudu, na lugha ya kwanza, aimuduyo kupita zote, hukatazwa mlangoni. Lau mwalimu angesema naye kwa Kiswahili, angemwonyesha kwamba jambo liwatishalo Waingereza, yaani kila jina kuwa na jinsia na sifa zake kulifuata, kwake si geni: yeye tangu utotoni hupatanisha sifa na ngeli nyingi pasipo kufikiri, na huku aombwa azipatanishe mbili tu. Mashaka yake yako pengine. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, ilhali Kifaransa huandika herufi nyingi kikazimeza. Na hapo yafaa mwalimu akawie, asome kwa sauti, na awasomeshe kwa sauti, badala ya kukimbilia orodha za vitenzi ubaoni.

Ya pili ni vitabu. Vile ambavyo nimevishika vimejaa treni za chini ya ardhi, theluji, na kijana aitwaye Pierre aendaye kununua mkate. Hakuna ziwa, hakuna forodha, hakuna mtu wa Bujumbura aulizaye bei ya mchele. Hata hesabu hutofautiana: Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, kwa kuwa walisomeshwa na Wabelgiji, wana majina mepesi ya sabini na tisini, lakini kijana wetu hukaririshwa hesabu ya Paris, ambamo sabini ni sitini na kumi, na tisini ni ishirini mara nne na kumi juu yake, kisha akifika Goma akatajiwa bei, husimama akihesabu vidole. Kifaransa cha Kinshasa, Bujumbura na Moroni ni Kifaransa kamili, kina magazeti yake, mahubiri yake na mizaha yake, na ndicho atakachokutana nacho kwanza.

Walimu nao hawako mbali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilikusudia wafanyakazi wa nchi wanachama wavuke mipaka kutafuta kazi, na wakuu wa Jumuiya wamekwisha kukubali kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha zake rasmi pamoja na Kiingereza. Burundi ina walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, ambao Kiswahili wakijua. Sisi tuna walimu wa Kiswahili wanaotafuta ajira. Wizara za elimu za nchi hizi zingepatana kubadilishana walimu mia moja tu kwa kuanzia, shule za Kigoma, Kasulu, Ngara na Bukoba zingepata Kifaransa chenye uhai, na shule za Bujumbura na Rumonge zingepata Kiswahili sanifu, kwa mishahara ambayo kila serikali ingelipa yenyewe. Mjadala wa bajeti ujao ungekuwa mahali pazuri pa kuliuliza jambo hili, na mbunge wa Kigoma ndiye afaaye kusimama wa kwanza, kwa kuwa wapiga kura wake huvuka ziwa kila juma.